Silaha ya Siku ya Hatari: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchagua Bunduki na Risasi



Katika mikutano ya vijiji tunayoifanya pamoja nanyi, kuanzia Amudat hadi Kaabong, lipo swali linalorudi mara kwa mara, ingawa mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya mkutano kufungwa. Ikiwa siku mbaya itafika, wavamizi wakaja usiku na askari wako mbali, mtu awe na bunduki gani nyumbani, na risasi ngapi? Wanaouliza si wahalifu. Ni wazazi wenye watoto, na wafugaji ambao mali yao yote imo zizini. Tumeona si haki kulijibu swali hilo kwa karipio. Katika toleo hili tunalijibu kwa utaratibu: hatari yenyewe ni ipi, sheria inaruhusu silaha gani, risasi ina tabia gani, na ni mambo gani yanayowaokoa watu siku hiyo inapofika.

Hatari ni ipi?

Mtu hawezi kuchagua chombo kabla ya kuijua kazi. Tunapowauliza wananchi wataje dharura wanazoziogopa, hutaja tano: uvamizi wa mifugo usiku, unyang'anyi njiani, wanyama wakali kama fisi na chui, ukame unaoleta njaa, na kuhama ghafla kwa sababu ya mapigano. Katika hizo tano, ukame na kuhama havina jibu katika mtutu wa bunduki. Fisi na chui huzuiwa na zizi imara la miiba, moto na mbwa. Njiani, mnyang'anyi huchagua mwenyewe mahali na wakati, hivyo aliyevamiwa mara nyingi hana hata nafasi ya kuinua silaha yake.

Unabaki uvamizi wa mifugo. Huo ndio msingi wa swali, na ndio tutakaoushughulikia kwa urefu. Wavamizi huja wengi, wakiwa wamekwisha kulipeleleza zizi na kujua ni nani anayelala wapi. Mtu mmoja mwenye bunduki moja dhidi ya kundi kama hilo hulipa sababu ya kuanza kufyatua risasi mapema, tena kuelekea kibanda walicholala wanawe. Haya hatuyasemi kwa kudharau ushujaa wa mtu. Ndivyo uvamizi ulivyo.

Bunduki zilivyoingia, na deni ambalo halijasahauliwa

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo uvamizi ulifanywa kwa mikuki. Katika miaka ya 1970 wapo waliotengeneza bunduki za kienyeji kwa mabomba ya chuma, zilizojulikana kwa jina la amatida. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka na wanajeshi wake wakakimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi, na maelfu ya bunduki yakaingia mikononi mwa raia. Walionyimwa fungu katika ghala hilo walitafuta za kwao kupitia mipaka ya Sudan, Kenya na Ethiopia. Kila ukoo ulipojipatia bunduki ili ujilinde, ukoo wa jirani uliona sababu ya kutafuta zaidi.

Desemba 2001 Serikali ilianza kukusanya silaha kwa hiari, na waliosalimisha walipewa vitu kama plau za kulimia. Wengi waliitika. Lakini mapema mwaka 2002 wanajeshi wengi walihamishiwa vita dhidi ya waasi wa LRA, na baadhi ya jamii zilizokuwa zimesalimisha bunduki zikashambuliwa na majirani ambao hawakuwa wamesalimisha. Mwaka 2006 ukusanyaji ulirudi kwa nguvu, na Julai 2021 ilianza operesheni ya Usalama kwa Wote.

Tunaitaja historia hii kwa makusudi. Mwananchi anapotuambia, "Nilitoa bunduki yangu nikaibiwa ng'ombe wangu," hasemi uongo, na malalamiko yake ni ya haki. Anayeombwa kuweka silaha chini ana haki ya kuuliza ni nani atakayemlinda kesho. Jibu la swali hilo ni wajibu wa vyombo vya usalama wa pande zote za mpaka, na hatutaki kumtupia mwananchi mzigo huo. Hata hivyo, kuvunjika kwa ulinzi wa jana hakuifanyi bunduki ya siri kuwa ulinzi wa leo. Sababu zake ni hizi zifuatazo.

Sheria inaruhusu silaha gani?

Nchini Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka kila raia mwenye bunduki awe na cheti cha kuimiliki, na mamlaka ya kutoa vyeti hivyo yako chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Mwombaji huanzia kijijini, kwa viongozi wanaomfahamu, kisha huchunguzwa na polisi kuhusu umri, mwenendo, afya ya akili, sababu ya ombi lake na mahali atakapoihifadhi silaha. Cheti hutaja silaha yenyewe kwa namba yake. Hakimpi mwenye nacho ruhusa ya kuiazima silaha kwa ndugu wala kuiachia wanawe kama urithi.

Juu ya sheria ya nchi kuna Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi, Tanzania, Ethiopia, Sudan na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hizo zilikubaliana kwamba raia asimiliki kabisa silaha nyepesi za kivita, bunduki za rashasha, wala raifoli zinazojipakia zenyewe, hata kama hufyatua risasi moja moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bunduki ile ile inayozungumzwa vijijini kuwa ndiyo ya siku ya hatari, yaani AK-47 ambayo watu wengi huiita SMG, haina cheti ambacho raia anaweza kukiomba. Anayeruhusiwa kwa kawaida hupata bastola, au bunduki ya marisau.

Kwa hiyo uchaguzi halali ni mwembamba. Aliye na sababu ya kweli, kwa mfano mfanyabiashara anayesafirisha fedha, aje ofisini aulize. Hatumfukuzi mtu kwa kuuliza.

Risasi: sehemu inayosahauliwa

Watu huzungumza juu ya bunduki na kuzisahau risasi, ilhali bunduki bila risasi ni gongo la chuma. Yapo mambo manne ambayo kila mtu, mwenye cheti na asiye nacho, anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kwamba risasi zenye jina moja si lazima ziwe sawa. Vijijini mtu husema ana risasi za "saba nukta sitini na mbili" akadhani amemaliza. Ukweli ni kwamba risasi ya AK-47 ni ya milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 39. Ya G3 ni 7.62 na ganda la milimita 51. Na ya bunduki ya rashasha ya PKM ni 7.62 na ganda la milimita 54. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa katika bunduki ya nyingine. Vivyo hivyo, risasi ya bastola ya Makarov na risasi ya bastola nyingine nyingi zote huitwa "za tisa", lakini ya kwanza ina ganda la milimita 18 na ya pili la milimita 19, na unene wake pia hutofautiana. Anayelazimisha risasi isiyo yake hukwamisha silaha, na pengine huipasua mbele ya uso wake.

La pili ni kwamba risasi huharibika. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini risasi haimo katika akiba ya namna hiyo. Iliyofukiwa ardhini hupata unyevu na kutu. Iliyofichwa chini ya paa la bati hupigwa na joto miaka mingi. Na iliyopita mikono mitano haijulikani ilikotoka. Risasi kama hiyo yaweza kukataa kuwaka. Yaweza pia kuchelewa, ikalipuka wakati mwenye bunduki amekwisha kuifungua aone kuna nini. Na kibanda kikishika moto, risasi zilizofichwa ndani hulipuka zenyewe na vipande vya maganda yake kuruka, na waliokuja kuzima moto hurudi nyuma.

La tatu ni mwendo wake. Mpiganaji aliyefunzwa huitumia AK-47 kwa kulenga umbali wa mita 300 hadi 400 hivi. Lakini risasi haisimami hapo. Yaweza kuruka zaidi ya kilomita 2 kabla ya kuanguka. Katika umbali huo kuna kisima, shule na zizi la jirani, na gizani anayefyatua hamwoni aliye nyuma ya adui yake. Hata risasi inayopigwa hewani kwa furaha ya arusi lazima irudi chini, na irudipo yaweza kuua.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Bunduki hudumu, lakini risasi huisha. AK-47 ikitunzwa huishi miaka 50 na zaidi. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30, na ikifyatuliwa kwa mfululizo humalizika kwa takriban sekunde 3. Baada ya sekunde hizo mtu amebaki na chuma mkononi, na lazima atafute aliye na risasi. Mtu huyo hakai dukani. Ni mfanyabiashara wa magendo, ambaye leo atataka mbuzi, kesho atataka ng'ombe, na kesho kutwa atataka kuambiwa mifugo ya jirani inalala wapi. Ziliwahi kuwepo nyakati katika nchi hii ya wafugaji ambapo risasi zilitumika sokoni kama fedha. Familia iliyoingia katika soko hilo iliuza mifugo ili kupata risasi za kuilinda mifugo, hadi zizi likabaki tupu bila hata mvamizi mmoja kufika.

Basi anayechagua bunduki ya siri huwa amemchagua pia mwuza risasi, na mwuza risasi huyohuyo humuuzia na yule anayekuja usiku. Hilo ndilo tunalowaomba wazazi na vijana walipime kabla ya jambo lingine lolote.

Kinachookoa

Ikiwa bunduki ya siri haifai, mtu ashike nini? Methali inatukumbusha tahadhari kabla ya hatari. Mambo haya hayana sifa ya kishujaa, lakini ndiyo yanayopunguza vifo na kurudisha mifugo.

Zizi la pamoja. Mazizi yaliyotawanyika huibiwa moja moja. Mazizi yaliyokusanywa karibu na kituo cha ulinzi, yenye zamu za usiku zinazojulikana, humlazimisha mvamizi afikiri upya. Mpango wa polisi wa Mayumba Kumi, ambao wenzetu wa Kenya wanao wa kufanana nao uitwao Nyumba Kumi, unafaa pia kwa mazizi: familia kumi zifahamiane, zihesabiane watu, na zijue mgeni aliyelala jana ni nani.

Taarifa ya mapema. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Kila kaya iwe pia na namba ya mwenyekiti wa LC I na ya kituo kilicho karibu, zimeandikwa mahali ambapo hata mtoto anayejua kusoma anaweza kuziona. Simu moja katika kila zizi iwe na chaji na salio wakati wote. Pasipo na mtandao, kubalianeni filimbi au baragumu, na mlio wake ujulikane na wote. Saa za kwanza baada ya wizi ndizo zenye nyayo mbichi; taarifa inayotolewa baada ya siku mbili huwakuta ng'ombe wakiwa wamekwisha kuvuka mpaka.

Hesabu na alama. Mfugaji aandike idadi ya mifugo yake, rangi na alama za kila mnyama, na nakala aikabidhi kwa kiongozi wa kijiji. Ng'ombe wanapopatikana ng'ambo ya mpaka, anayejua kuwataja mmoja mmoja ndiye anayerudishiwa.

Njia ya wazee. Kwa Azimio la Nabilatuk la mwaka 2013, jamii zenyewe zilikubaliana kwamba aliyeiba arudishe mara mbili ya alichochukua, na mnyama mmoja juu yake. Tarehe 12 Septemba 2019, marais wa Uganda na Kenya walishuhudia Moroto kutiwa saini kwa makubaliano ya amani na maendeleo baina ya Karamoja, Turkana na Pokot. Makubaliano hayana miguu yake mwenyewe. Hutembezwa na kamati za amani, na kamati hukosa nguvu wazee wanapowaficha wanao waliokwenda kuvamia. Mzee anayemtaja mwizi wa ukoo wake huokoa ukoo mzima usilipiziwe kisasi.

Kimbilio na huduma ya kwanza. Kila familia iafikiane mapema watoto wakimbilie wapi. Mlio wa risasi ukisikika, mtu alale chini, nyuma ya kilima, mwamba au kichuguu kikubwa. Ukuta wa matope na miti hauzuii risasi ya vita. Aliyejeruhiwa akandamizwe jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia. Damu ya mkononi au mguuni isipokoma, kitambaa kipana kifungwe kwa kukaza juu ya jeraha, na saa ya kufunga ikumbukwe ili mganga aambiwe. Risasi isitafutwe kwa kisu. Majeruhi afunikwe apate joto, asipewe chakula, na apelekwe hospitali upesi, iwe Moroto, Matany au Kaabong. Hospitali ni mahali pa kuokoa maisha. Mtu asicheleweshe majeruhi kwa kuogopa kuulizwa alivyoumia.

Aliye na cheti, na aliyeokota

Kwa mwenye silaha halali, tunasisitiza haya: bunduki ihifadhiwe bila risasi ndani, imefungwa kwa kufuli, risasi ziwekwe mahali pengine, pakavu na penye kufuli yake, zihesabiwe kila mwezi, na ufunguo usijulikane na watoto. Ikipotea, taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Silaha iliyoibwa bila kutolewa taarifa huua kwa jina la mwenyewe.

Kwa mchungaji au mtoto aliyeona risasi, bomu au bunduki porini: usiguse, usiirushe jiwe, wala usiichome moto. Weka alama ya miti au mawe kwa mbali, rudi kwa njia uliyoijia, na umwambie mkubwa. Mabaki ya vita hayana muda wa kwisha. Maganda yanayong'aa yamewavutia watoto wengi, na wengine wamepoteza vidole na macho.

Kwa aliye na bunduki ya siri na ambaye moyo wake umechoka nayo: usiibebe usiku, wala usije nayo kituoni ghafla. Anza na mtu unayemwamini, awe mzee wa ukoo, kiongozi wa dini au mwenyekiti wa LC I, atutangulie kwa taarifa, tukubaliane siku, saa na mahali pa mchana. Siku hiyo magazini iwe imetolewa, na silaha iwekwe chini kabla askari hawajaisogelea. Omba iandikwe kwa namba yake mbele ya shahidi, na uondoke na nakala ya maandishi. Hiyo ni haki yako, na inamlinda pia askari mwaminifu.

Wajibu wetu na wenu

Tunajua kwamba ushauri huu una thamani iwapo tu simu inayopigwa usiku itapokelewa na askari watafika. Mahali ambapo tunachelewa, tuambieni katika mkutano, mbele ya watu, kwa tarehe na jina la kijiji. Tunapendelea kuulizwa hadharani kuliko kusikia kwamba kijana ameuza ng'ombe wanne akavuka mpaka kununua bunduki kwa sababu hakutuamini.

Nanyi, kabla ya mkutano ujao, kila kaya ifanye mambo matatu: iandike hesabu ya mifugo yake, ikubaliane mahali pa kukimbilia watoto, na ijue ni nani atakayepiga simu. Mambo hayo yanaweza kukamilika kwa jioni moja. Yakikamilika, leteni orodha zenu mkutanoni, tuzisome pamoja, na tupange zamu za usiku kwa majina.